Leithi Huzaliwa na Leithi. Ya Kwanza Ilizaliwa na Nini?

Wasee, leo hakuna video. Hii ni ya kusoma na ni ndefu, kwa hivyo kama uko kwa matatu na bando inaisha, iweke kando uirudie usiku.

Mwaka jana, kwenye karatasi yangu ya matokeo, mahali pa kazi ya karakana paliandikwa kwamba sikukamilisha. Iliniuma, na bado inaniuma. Chuo changu (sitakitaja, bado nakidai cheti) kilikuwa na leithi tano. Ukisikia tano unadhani mambo ni sawa. Mbili zilikuwa zimefunikwa turubai tangu kabla sijajiunga. Moja haikuwa na mota. Ya nne ilikuwa nzima isipokuwa kile kidude cha juu kinachoshika kisu cha kukatia. Kilipasuka, barua ya kuagiza kingine ikaandikwa, na kwa mihula miwili tukawa tunaambiwa kipuri kiko njiani. Ya tano ndiyo darasa zima tuligawana kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, stima ikapotea. Ikarudi jioni, zamu ishaisha.

Kwa wale hawajui, leithi ni mashine ya kukereza. Inashika kipande cha chuma na kukizungusha, halafu wewe unasogeza kisu kigumu polepole na kukimenya kile chuma kama muwa, ila hapa muwa ndio unazunguka. Kiswahili kilikuwa na neno kukereza kabla ya vyuma hivi kuja. Wakerezi wa mbao kule Pwani wametoa miguu ya vitanda kwa mtindo huohuo. Shafti ya mashine ya posho, bushi ya pikipiki, roli za kukamua miwa, zote zimepita kwa leithi. Na kuna jambo moja linaitenga na mashine nyingine: ukiwa nayo, unaweza kutengeneza sehemu nyingi za leithi nyingine.

Sasa, kilichonikera si kidude kupasuka. Vitu huvunjika. Kilichonikera ni kwamba kile kidude ni bonge la chuma lenye mfereji na bolti kadhaa. Yaani tulikuwa kwa karakana ya kufundisha watu kutengeneza vitu vya chuma, na tulikuwa tumekaa mihula miwili tukingoja mtu wa mbali atutumie kitu cha chuma.

Likizo ilipofika nikaenda Kariobangi Light Industries, kwa fundi ambaye baba humpelekea shafti za mashine yake ya posho. Ni mzee asiyependa story mingi.

"Sasa fundi, habari ya kazi?"

"Mzuri mami. Baba ako aje? Ameleta shafti ingine?"

"Hapana, leo ni mimi. Nataka kutengeneza kile kitu kinashika kisu kwa leithi."

"Kutengeneza ama kununua?"

"Kutengeneza. Niko na mchoro kwa simu."

Akaangalia mchoro, akairudisha simu, akaendelea kukereza. Nikadhani nimefukuzwa kwa adabu. Baadaye akazima mashine.

"Hii leithi yangu ilitengenezwa na leithi ingine. Hiyo ingine pia ikatoka kwa ingine. Sasa niambie, ya kwanza kabisa ilitengenezwa na nini?"

"Na mzungu," nikasema.

"Sijauliza ni nani, mami. Nimeuliza ni nini."

Nilienda nyumbani na hilo swali. Bando zangu za wiki mbili zote ziliishia hapo.

Jina unalokutana nalo kwanza ni Henry Maudslay, Mwingereza aliyezaliwa Woolwich mwaka 1771. Akiwa na miaka 12 alikuwa anajaza baruti kwenye risasi katika ghala la silaha la serikali. Baadaye akahamishiwa kwa wahunzi, na akiwa na miaka 18 akachukuliwa na Joseph Bramah, yule wa kufuli. Kufikia 1797 ndiye alikuwa anasimamia karakana ya Bramah, na analipwa shilingi 30 kwa wiki. Akaomba nyongeza, akanyimwa. Akatoka, akafungua yake hapo hapo London. (Mabosi, mnaona?) Karibu mwaka 1800 akawa na leithi ndogo ya kukata skrubu ambayo leo imewekwa Science Museum.

Usikubali mtu akuambie Maudslay ndiye aliyevumbua leithi. Leithi za mbao zilikuwepo tangu zamani za kale. Hata ya chuma, Mfaransa Vaucanson alikuwa na yake karibu nusu karne kabla, na Jesse Ramsden alikuwa anakata skrubu safi London miaka ya 1770. Maudslay alikusanya mambo pamoja yakafanya kazi: mwili wa chuma badala ya mbao, kisu kinachoshikwa na mashine badala ya mkono wa fundi, skrubu ndefu inayokisukuma kisu kwa mwendo usiobadilika, na gia za kubadilisha ili skrubu hiyo moja izae thredi za ukubwa tofauti.

Lakini hiyo skrubu ndefu aliitoa wapi, kama mashine ya kukata skrubu ndiyo kwanza anaitengeneza? Njia mojawapo aliyotumia ilinifanya niweke simu chini. Unachukua fimbo ya duara ya kitu laini, mbao au metali laini, na unaegemeza juu yake kisu ulichokipinda kwa pembe kidogo. Fimbo ikizunguka, kisu kinauma na kujisukuma chenyewe kando, na alama kinayoacha ni mstari unaopanda ukizunguka fimbo. Hiyo tayari ni skrubu. Ni mbovu, lakini ni skrubu. Ukiitumia kuongoza kisu kingine kwenye chuma kigumu, unapata ya pili. Unapima makosa yake, unayarekebisha, unakata ya tatu.

Nikarudi Kariobangi nikiwa najisikia. "Fundi, nimepata jibu. Ya kwanza ilitengenezwa na kisu kilichowekwa upande."

Akasikiza mpaka mwisho. "Hiyo ni skrubu. Na kitanda?"

Kitanda ni ule mgongo wa leithi ambao kila kitu kingine huteleza juu yake. Kikiwa kimepinda, kazi yote utakayotoa itakuwa imepinda. Leo kitanda hunyooshwa na mashine kubwa, na mashine hiyo ina kitanda chake, ambacho nacho kilinyooshwa na... mnaona tunaenda wapi. Utajuaje kitu kimenyooka kama huna chochote kilichonyooka cha kukilinganisha nacho?

Jibu ni vipande vitatu. Viwili havitoshi. Unapaka kimoja rangi nyembamba, unakisugua juu ya mwenzake, na mahali palipoinuka panashika rangi. Unakwangua hapo tu. Unarudia. Shida ni kwamba vipande viwili vinaweza kudanganyana: kimoja kikawa na kitumbo, kingine na kishimo cha kukipokea hicho kitumbo, vikashikana vizuri kabisa na wewe ukadhani umemaliza. Cha tatu ndicho shahidi. Kama cha kwanza kinashikana na cha pili, cha pili na cha tatu, na cha tatu na cha kwanza, haviwezi vyote kuwa na kitumbo na haviwezi vyote kuwa na kishimo. Kilichobaki ni kuwa tambarare. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwa Maudslay, aliieleza mbinu hii mbele ya wanasayansi mjini Glasgow mwaka 1840. Hakuna mashine popote hapo. Ni rangi, kikwangulio na mikono.

Fundi akanipa mtihani huo huo. Tulikata vipande vitatu kutoka kwa mwili wa mashine ya posho ya baba iliyokufa, vya ukubwa wa simu kubwa hivi. Kikwangulio kilikuwa tupa mzee iliyonolewa ncha. Rangi ya bluu ya mafundi anayo, lakini alisema hiyo ni ya kazi inayolipa. Kwa hivyo nikatumia lipstiki yangu. Ukipaka nyingi inakudanganya, kila mahali panaonekana pameguswa. Ukipaka kidogo huoni kitu. Nilimaliza lipstiki mbili na mikono yangu ikawa kama ya mtu aliyechinja kuku.

Siku ya nane kipande cha kwanza na cha pili vilikuwa vinashikana hadi ukiinua cha juu unasikia kama cha chini kinataka kuja nacho. Nikafurahi, nikapiga picha. Halafu nikaweka cha tatu. Kikabembea kama kiti cha hoteli ya kando ya barabara.

Katika kusoma kwangu, aliyenibamba zaidi hakuwa Maudslay wala Whitworth. Ni James Nasmyth, kwa sababu yeye ndiye alifanya kile ninachojaribu kufanya, tena akiwa na umri wa wengi wenu mnaosoma hii.

Nasmyth alizaliwa Edinburgh mwaka 1808, mtoto wa mchoraji. Akiwa kijana aligeuza chumba chake cha kulala kuwa karakana. Alikuwa anayeyusha shaba kwenye moto wa chumbani na kumimina vipande vya injini ndogo za mvuke, usiku, akitanguliza zulia chini ya kazi ili kugonga kusisikike kwa babake aliyelala chini. Injini hizo aliziuza zikamlipia masomo. Kabla hajafika miaka 21 alikuwa ameshatengeneza gari la mvuke lililobeba watu barabarani.

Mwaka 1829 akaenda London na babake kuomba kazi kwa Maudslay. Mzee akawaambia kwa upole kwamba hachukui tena wanafunzi, wamemsumbua vya kutosha. Akawatembeza tu kuona karakana. Nasmyth alipoona mfanyakazi akitoa majivu kwenye tanuri la boila, akasema hata hiyo kazi angeichukua kwa furaha. Hapo Maudslay akamwangalia vizuri. Akamwambia alete alichowahi kutengeneza. Kijana akaleta injini yake ndogo na michoro yake, Maudslay akaichunguza, na akamweka kuwa msaidizi wake mwenyewe, kwa shilingi 10 kwa wiki. Ili pesa itoshe, Nasmyth alijitengenezea jiko la taa ya mafuta lililompikia chakula polepole akiwa kazini. Wenye bedsita mmeelewa.

Maudslay alikufa Februari 1831. Nasmyth alikaa miezi michache kumalizia kazi, kisha akaamua kujianzishia. Hakuwa na pesa ya kununua mashine. Alichofanya ni kumwomba Joshua Field, mshirika wa marehemu, ruhusa ya kusubu vipande vya mojawapo ya leithi bora za pale, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu zilizokuwepo. Field akakubali. Nasmyth akarudi Edinburgh na leithi ambayo bado haikuwa leithi. Ilikuwa mifupa: vipande vizito, vikavu, bila sehemu hata moja iliyonyooshwa au kutobolewa.

Leo tungesema alinunua seti ya kujiundia mwenyewe. Alijenga karakana ndogo ya muda karibu na kwa babake, akaajiri msaidizi mmoja, wakakaa hapo kama miaka miwili. Kwanza wakamalizia leithi. Leithi ikatengeneza sehemu za mashine ya kuparaza chuma kiwe bapa. Hiyo ikarahisisha iliyofuata. Katikati yake alikuwa anachukua kazi za wateja, hata zile alizoona hazina maana, ili apate pesa ya chuma. Hii sehemu ya kazi za wateja usiipite haraka. Watu wakieleza historia ya mashine husema fulani alivumbua, kesho yake kiwanda. Hawakuambii jamaa alikuwa anapiga kibarua ili anunue chuma cha mashine yake mwenyewe.

Mwaka 1834 akapakia mashine zake na kuhamia Manchester akiwa na akiba ya pauni 63 tu. Akakodisha ghorofa kwenye kiwanda cha zamani. Chini yake kulikuwa na mkata vioo. Siku moja boriti kubwa ya injini aliyokuwa akiitengeneza ikatoboa sakafu na kuingia kwa jirani, katikati ya vioo. Mwenye nyumba akamwomba atafute pengine, na hivyo ndivyo alivyohamia Patricroft mwaka 1836 na kujenga kiwanda chake kando ya mfereji. Baadaye akajulikana dunia nzima kwa nyundo ya mvuke, ambayo aliichora 1839. Kwa simulizi yake mwenyewe, nyundo hiyo aliiona ikifanya kazi mara ya kwanza Le Creusot, Ufaransa, kwa sababu wageni Wafaransa walioonyeshwa daftari lake la michoro yeye akiwa hayupo walirudi kwao wakaiunda kabla yake. Chora kitu vizuri na mtu mwingine anaweza kukijenga bila wewe. Hiyo ni raha na ni hatari pia.

Baadaye mambo haya yakawa hobi ya watu wengi. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha London jarida la Model Engineer, na kukawa na biashara nzima ya kuuza michoro pamoja na vipande vilivyosubiwa, mteja akamalizie nyumbani. Mpaka leo kuna watu Uingereza ambao kila kishikio, kila kikata gia kwenye leithi yao wamejitengenezea kutoka kwa seti kama hizo. Hao walikuwa na leithi tayari, kwa hivyo nitawapita.

Mtu wa kumjua ni David Gingery, wa Springfield, Missouri, kule Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa mfululizo wa vitabu 7 vya jinsi ya kujenga karakana nzima ya chuma kutoka kwa taka. Kitabu cha kwanza hakina leithi. Ni jiko la makaa: ndoo iliyopakwa ndani udongo wa kustahimili moto, na feni ya kupuliza hewa. Humo unayeyusha aluminiamu. Kitabu cha pili ndicho leithi, kisha mashine ya kuparaza, ya kusaga chuma, ya kutoboa, na kadhalika.

Leithi ya Gingery ni ndogo. Mwili wake ni wa aluminiamu uliyoimimina kwenye mchanga kwa kutumia umbo la mbao ulilolichonga, na juu ya kitanda unafunga bapa la chuma, ambalo ndilo njia ya kutelezea. Kwangua, pima, kwangua. Halafu inakuja sehemu niliyoipenda. Matundu ya kichwa cha leithi, pale ambapo mhimili unazungukia, lazima yalingane sawasawa na kitanda, na kwa kawaida hiyo ni kazi ya mashine kubwa. Gingery anakuambia uweke kichwa juu ya kitanda, upitishe fimbo yenye kisu ndani yake, uizungushe, na uache sehemu ya leithi ambayo umeshaimaliza isogeze kazi. Yaani leithi ikiwa nusu inajitoboa yenyewe. Tundu haliwezi kukosa kulingana na kitanda, kwa sababu kitanda ndicho kililoliongoza.

Nilimwonyesha fundi hiyo kurasa. Alicheka kwanza, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Huyu alikuwa maskini." Kwa mdomo wake hiyo ni sifa.

(Kama unataka kujaribu jiko la aluminiamu: vitu vyote vikauke. Tone moja la maji chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kukurushia moto usoni. Viatu vya ngozi, si sendo. Na si kwa balcony ya plot.)

Sasa turudi hapa kwetu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ndiyo ilifanya wasomi duniani waanze kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi. Tangu hapo tukizungumza jua kali tunazungumza ajira, mikopo, vibanda, leseni. Vyote vina maana. Lakini Kenneth King, msomi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh (ndiyo, Edinburgh ile ile), aliyeandika vitabu viwili kuhusu mafundi wa Kenya, cha 1977 na cha 1996, aliona kitu kingine pia: mafundi hawa walikuwa wanajiundia mashine za kazi yao. Ukitembea Kamukunji leo utaona. Mashine ya kukunja bati, ya kupinda vyuma vya geti, ya kukata, nyingi hazina nembo ya kampuni yoyote. Mtu alikaa, akaona ya mwenzake, akachora chini kwa chaki, akachoma na welda. Hiyo ndiyo michoro yetu, na huwa inafutwa na mvua.

Hapo ndipo naona tunapoteza. Nasmyth aliweka daftari. Gingery aliandika kila bolti. Fundi wangu amejiundia vishikio vya visu visivyopungua kumi maishani mwake, na hakuna hata kimoja kilichochorwa popote. Akiondoka vinaondoka. Halafu mtoto wa mtu anakaa chuoni mihula miwili akingoja kipuri.

Mara ya mwisho nchi ilipojaribu kwa kishindo ilikuwa Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, na 1990 magari yakaonyeshwa Kasarani. Wazazi wetu huongea juu yake kama mzaha. Mimi sicheki. Vipande vile vilikerezwa hapa na watu wa hapa. Pesa zikakosekana, na shirika lililoundwa kuyatengeneza likaishia kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha kukereza vipuri na vyuma vya mitambo. Ukiniuliza mimi, hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ilipaswa kuwa mwanzo. Lakini gari ndilo linapigwa picha.

Najua mtasema: si ununue tu kaleithi kadogo ka China? Na mko sahihi kwa sehemu kubwa. Kama una kazi ya kulipwa wiki ijayo na una pesa ya karibu boda boda mpya, nunua. Leithi ya Gingery ni nyepesi, haiwezi kula chuma kinene kwa nguvu kama ya viwandani, na itakumaliza miezi. Fundi mwenyewe hakujenga leithi yake, aliinunua mitumba na akalipa kwa miaka. Sijengi ili nishinde China kwa bei. Lakini nimeona nini hutokea kwa mtu aliyenunua bila kujua: kidude cha bolti kadhaa kikipasuka, mashine nzima inavikwa turubai.

Kishikio changu kilinichukua wiki tatu za jioni, baada ya wateja wa fundi kuondoka. Bonge la chuma tulipata kwa wauza skrapu, na mfereji niliukata kwa msumeno wa mkono na kuumalizia kwa tupa, kwa sababu fundi alikataa nitumie mashine mpaka nijue kunyoosha bila mashine. Sikuwa na kinyongo, karibu. Chini yake nilipakwangua kwa kutumia vile vipande viwili vilivyokubaliana.

Muhula ulipofunguliwa nikakipeleka chuoni kwa mfuko wa unga. Mtunza karakana alikigeuza mkononi mara kadhaa.

"Nani amekutumia hii?"

"Nimetengeneza."

"Ukivunja mashine, mimi na wewe hatujuani."

Tukakifunga. Mkato wa kwanza ulipiga kelele mbaya, chuma kikatoka na mawimbi kama barabara ya murram. Kisu kilikuwa chini sana ya katikati. Tukakata kipande cha kopo la soda, tukakiweka chini ya kisu kukiinua. Mkato wa pili, taka zikaanza kutoka ndefu, zinajikunja, rangi ya bluu kwa joto. Mtunza karakana hakusema kitu. Alienda akatoa turubai kwenye mojawapo ya zile mbili, akachungulia.

Kazi yangu ya karakana niliirudia kwenye mashine hiyo ya nne, na mara hii karatasi ilisema nimekamilisha. Kipuri kilichoagizwa hakijafika. Changu kina kosa: tundu la katikati nililitoboa likaenda kando kidogo, kwa hivyo kabla ya kukaza lazima ukisukume kushoto. Sijawahi kuwaambia watu wa mwaka wa kwanza, lakini juzi nilipita nikawasikia wakiambiana, "Kwanza sukuma left."

Nimekichora, na vipimo, na kosa nimelirekebisha kwenye mchoro. Nitauweka hapa wiki ijayo, bure. Jumamosi naenda Kariobangi tena na kile kipande cha tatu. Bado kinabembea kona moja, na lipstiki imebaki kidogo.